Kabla ya Kuagiza Chakula, Mwalimu Aulize

Walimu wenzangu wanaosafiri na wanafunzi watanisamehe nikianza kwa kosa langu mwenyewe. Tulitoka Asumbi jioni na wanafunzi ishirini, tukapitia Kisii na kufika Nairobi alfajiri. Basi la Mombasa lilikuwa la usiku, basi tukawa na mchana mzima wa kuuona mji. Katika hoteli moja niliagiza chai, mkate na soseji kwa wote, kwa fahari ya mtu aliyebeba pesa za shule. Msichana mmoja Msabato aliuliza soseji zile zilikuwa za nyama gani. Mhudumu akajibu, "Nyama ni nyama." Wenzake wakacheka. Nami, sina budi kukiri, nilitabasamu. Akala mkate mkavu.

Swali lake lilikuwa na maana, kwani soseji nyingi hutengenezwa kwa nyama ya nguruwe. Wala si jambo geni kwetu. Wasabato walifungua misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906, na tangu hapo kuna jamaa tele katika Homa Bay wanaofuata Mambo ya Walawi sura ya 11. Kwao ngege huliwa kwa kuwa ana mapezi na magamba, ilhali mumi asiye na magamba huachwa. Mimi niliyekulia ziwani nilikuwa nalijua hilo fika. Nilichokosa ni kuuliza.

Tulitembea hadi jumba la KICC, tukapita Msikiti wa Jamia na maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka wa 1931, kisha tukafika penye sinagogi, pale barabara ya University Way inapokutana na Uhuru Highway. Hatukuingia. Niliwaeleza kwamba mwaka wa 1903 Waingereza waliwapa Wayahudi pendekezo la kuhamia Uasin Gishu, nao wakalikataa mwaka wa 1905. Kwamba jiwe la msingi la sinagogi la kwanza liliwekwa mwaka wa 1912, na jengo la sasa ni la 1955. Yule msichana akauliza, "Mwalimu, Myahudi akipita hapa kwa siku moja hula nini?"

Ama kwa hakika swali hilo lilinishinda mizani. Sheria ya Kiyahudi ya kosher ni nzito kuliko ya Msabato. Mnyama sharti achinjwe na mtu aliyefunzwa kazi hiyo, mafuta na mishipa fulani iondolewe, nyama itiwe chumvi hadi damu itoke, na isichanganywe na maziwa hata chunguni. Msabato anaweza kuingia katika hoteli ya halali bila hofu ya nguruwe. Myahudi mshika dini haimtoshi hiyo. Aghalabu msafiri wa namna hiyo hujitegemea: hubeba chakula chake, au hununua matunda mazima ambayo kisu cha mtu hakijayagusa.

Msichana akasema, "Basi ndizi." Tukaenda sokoni tukanunua ndizi mbivu na machungwa, tukala bustanini sote ishirini na mmoja, na hakuna aliyeuliza nyama gani.

Wako wanaodai kwamba mwanafunzi safarini ale anachopewa, la sivyo kila mtoto ataleta masharti yake. Sikubaliani nao. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 32, inalinda imani ya mtu, na sijui ni kwa nini ulinzi huo uishie mlangoni mwa hoteli. Isitoshe, gharama yake ni ndogo mno: safu moja zaidi katika orodha ya majina, ambapo kila mwanafunzi ataandika asichokula kabla basi halijaondoka. Orodha zetu huuliza jina, kidato na simu ya mzazi. Yangu ya muhula ujao nimekwisha kuipigia mstari wa nne.