Aliyemaliza kwa Magoti

Juma lililopita binti yangu mwenye umri wa miaka 12 alirudi kutoka katika michezo ya shule akiwa amenuna. Alikuwa ameingia mbio za mita 1,500. Wenzake walipompita katika mzunguko wa tatu, alitoka uwanjani akaenda kukaa chini ya mwembe. Nilimgombeza. Nilimwambia kwamba kuacha katikati ni aibu kubwa kuliko kushika mkia. Hakunijibu neno.

Usiku huo, kwa nia ya kumfunza, nilimtafutia katika simu picha za mashindano yaliyofanyika Hawaii, Marekani, tarehe 6 Februari, 1982. Nilidhani mimi ndiye mwalimu.

Mashindano hayo huitwa Ironman, maana yake Mtu wa Chuma. Ni mchezo wa triathloni, yaani michezo mitatu inayofuatana siku moja pasipo mapumziko: kuogelea baharini kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia marathoni nzima ya kilomita 42. Ili msomaji apate kukisia, mwendo wa baiskeli peke yake ni karibu sawa na safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Na mtu akishuka juu ya baiskeli, bado anadaiwa mbio za umbali kama wa kutoka Dar es Salaam hadi Kibaha.

Asili yake ni ubishi. Wanamichezo wa kisiwa cha Oahu walikuwa wakishindana kwa maneno: nani aliye imara zaidi, mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji? Mwaka 1978 ofisa wa jeshi la majini, John Collins, pamoja na mkewe Judy, waliunganisha mashindano matatu yaliyokuwa yakifanyika kisiwani humo yakawa moja. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Collins naye alishiriki, akamaliza.

Hadi leo, wengi wanaoingia katika mchezo huu ni watu wa ridhaa: walimu, makarani, wauguzi na mafundi, ambao hufanya mazoezi alfajiri kabla ya kwenda kazini. Mmoja wa hao wa ridhaa, siku ile ya mwaka 1982, alikuwa Julie Moss.

Moss alikuwa na umri wa miaka 23, mwanafunzi wa chuo huko California. Hakuwa bingwa, wala hakuna aliyemtazamia ushindi. Aliingia kwa ajili ya utafiti wa masomo yake ya elimu ya viungo, akitaka kumaliza tu. Mashindano yalikuwa yamekwisha hamishiwa Kailua-Kona, katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, ambako barabara hupita katikati ya mawe meusi ya volkano, jua likiunguza na upepo ukivuma. Katika mazingira hayo, binti huyo alijikuta akiwatangulia wanawake wote.

Ndipo, mwisho ukiwa umekaribia, mwili ukaanza kumkana. Miguu ilipinda, akaanguka. Akainuka, akapepesuka kama mlevi, akaanguka tena. Zikiwa zimesalia mita chache tu, naye yuko chini, mwenzake Kathleen McCartney alimpita. Ushindi ulikuwa umekwenda zake. Moss akatambaa kwa mikono na magoti hadi akauvuka mstari. McCartney alitumia saa 11, dakika 9 na sekunde 40; Moss saa 11, dakika 10 na sekunde 9. Baada ya siku nzima ya jasho, tofauti yao ilikuwa sekunde 29.

Kisa cha kuanguka namna hiyo si muujiza. Mwili huweka akiba ya wanga katika misuli na katika ini, nayo akiba hiyo hutosha kwa saa chache tu za kazi ngumu. Asiyekula na kunywa njiani kwa kipimo huwa kama kandili iliyoishiwa mafuta: utambi upo, mwanga hakuna. Jasho nalo huondoka na maji pamoja na chumvi. Hata maji yakinywewa kupita kiasi bila chumvi huweza kumdhuru mtu, damu ikawa nyepesi mno. Kwa hiyo madaktari huwa karibu na njia ya mashindano, na mshindani anayetii anapoambiwa asimame si mwoga.

Binti yangu alitazama kimya, kisha akauliza, "Mama, mbona watu hawamwinui?" Nilimweleza kwamba kanuni haziruhusu mshindani kubebwa na watu wengine. Akafikiri kidogo. "Na kama angebaki amelala, mama yake angemgombeza?"

Nilikosa jibu. Nilikimbilia kwa mzee wetu John Stephen Akhwari, ambaye katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, alianguka, akaumia goti, na bado akaingia uwanjani mguu ukiwa na bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza tu. Lakini nilipokuwa nikisimulia, nilitambua jambo. Akhwari alikuwa na sababu yake, na Moss, ambaye hakutumwa na taifa lolote, alikuwa na yake. Hakuna aliyesukumwa kwa karipio. Mimi nilikuwa nimemtaka mtoto amalize kwa sababu yangu, nisione haya mbele ya wazazi wenzangu.

"Kwani wewe uliacha kwa nini?" nilimwuliza.

"Nilishikwa na kichomi," akasema, akigusa ubavu. "Nilidhani nitakufa."

Siku nzima ilikuwa imepita, nami sikuwa nimemwuliza.

Moss hakupotea kwa kushika nafasi ya pili. Picha zake zilionyeshwa katika televisheni, na kijana mmoja aitwaye Mark Allen, baada ya kuziona, aliingia mchezo huo, akaja kuwa bingwa wa Hawaii mara sita. Mwaka 2012, miaka 30 baadaye, Moss na McCartney walirudi Kona wakashindana tena, safari hii wakiwa marafiki.

Mzazi mwenzangu, kuvumilia ni jambo la kufundishwa, wala sitaki watoto wetu wazoee kukaa chini ya mwembe kila wanapopitwa. Ila tuwaulize kwanza wapi panapowauma, ndipo tuwafundishe kuvumilia. Nimemwonyesha binti yangu jinsi ya kupunguza mwendo na kuvuta pumzi polepole kichomi kinapokuja. Jumamosi alfajiri tutakimbia pamoja, na mahali pa kumalizia atachagua yeye.