TANKI LA MAZIWA SI REDIO YA KUGUSAGUSA

Ndugu wanachama,

Wapo wanaosema chombo kipya cha kuongoza ubaridi wa tanki akifunge kijana yeyote anayejua nyaya, eti tuokoe hela. Mimi nasema hapana!

Maziwa yatakiwa yashuke upesi hadi nyuzi 4. Kipimajoto kikifungwa penye bomba la gesi, chombo kitaona baridi na kuzima mapema, kumbe maziwa bado ya moto. Kisipogusa tanki, kitasoma joto la hewa, mashine itakimbia mpaka maziwa yagande. Tena umeme wa kompresa ni mwingi, upitie kwenye kontakta. Ukipita kwenye kile kidude kitaungua. Na tanki la chuma, sakafu ina maji, waya wa ardhini haupo: hicho ni kifo!

TDCU ya mkoa wetu, ya tangu 1993, imesimama kwa ng'ombe wa wakulima wadogo. Maziwa yaliyochacha hayapokelewi, na anayeumia ni mama aliyekamua alfajiri. Mkutanoni tupitishe: fundi mwenye leseni ya EWURA, basi. Bure ghali.

Ushirika hoyee!

Katibu wa Tawi