Wakulima waige wasanifu wa viwanja vya gofu

Gofu ni mchezo ambao wakulima wengi huuona kuwa ni wa wenye nazo. Hata hivyo, anayesanifu kiwanja cha gofu huumizwa kichwa na mambo yale yale ya mkulima: udongo, maji, nyasi na gharama. Tofauti ni kwamba wasanifu hao huandika walichofanya, na wenzao wakasoma.

Nchini Uingereza, tangu mwaka 2005 hutolewa jarida liitwalo Golf Course Architecture, mara nne kwa mwaka. Kazi yake si kutangaza washindi. Hueleza kiwanja kipi kimejengwa au kufumuliwa, maji yameondolewaje penye tope na nyasi gani zimepandwa. Wasomaji wake ni wasanifu na wajenzi, watu ambao kesho yake hugombea zabuni moja. Wanajua kwamba fundi hapungukiwi kwa kueleza kazi yake.

Faida ya kumbukumbu ilionekana Pinehurst, North Carolina, nchini Marekani, mahali ambapo chama cha wasanifu wa nchi hiyo kilianzishwa. Kiwanja namba 2 cha hapo, kilichosanifiwa na Donald Ross, kilifunguliwa mwaka 1907 juu ya ardhi ya kichanga. Miaka ilivyopita, nyasi za kumwagiliwa ziliongezwa hadi mchanga ukafunikwa.

Mwaka 2010 Bill Coore na Ben Crenshaw walipewa kazi ya kukirudishia sura yake. Hawakubahatisha. Walitazama picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1943, wakaona nyasi ziliishia wapi. Waliondoa zaidi ya ekari 30 za nyasi, wakaacha mchanga na majani ya asili. Vinyunyizio vya maji vilivyokuwa zaidi ya 1,000 vikabaki takriban 450. Mwaka 2014 mashindano ya US Open, ya wanaume na ya wanawake, yalichezwa hapo wiki mbili mfululizo.

Maji mengi yaliokolewa kwa sababu kumbukumbu ya miaka zaidi ya 60 ilikuwa imetunzwa. Ni wakulima wangapi wanaoweza kusema shamba lao lilitoa magunia mangapi miaka mitano tu iliyopita, kwa mbegu gani na mbolea kiasi gani?

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Majani ya kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, ndiyo yanayochezewa gofu katika kiwanja cha Riviera, Los Angeles. Wanaoyatunza huko husoma tabia zake vitabuni. Mfugaji aliyeyakuta malishoni kwa babu yake anayajua vizuri, lakini ujuzi huo umo kichwani mwake, na akifa huzikwa nao.

Wapo watakaosema wasanifu wana fedha na wakulima hawana. Ni kweli, lakini daftari la shule halihitaji mkopo wa benki. Kila chama cha msingi kinaweza kuwa na daftari moja ambamo wanachama huandika kilichofaulu na kilichoharibika, na likasomwa mkutanoni kabla ya msimu. Muuza duka naye aandike bidhaa iliyotoka na iliyolala. Wahenga walishasema: mali bila daftari huisha bila habari.