Jeanty kukosa rekodi kwa yadi 28 si ishu, angalieni hizi mara 374

LAS VEGAS Raiders wamemchukua Ashton Jeanty. Alitajwa wa sita kwenye drafti ya NFL iliyofanyika Green Bay, Alhamisi ya Aprili 24, 2025, na kabla hata hajavaa kofia ya timu yake mpya, kila mchambuzi alikuwa na namba moja mdomoni: yadi 2,601.

Hizo ndizo yadi alizokimbia dogo huyu, aliyekuwa na miaka 21 siku ya drafti, msimu wa 2024 akiwa na Chuo Kikuu cha Boise State. Rekodi ya msimu mmoja kwa wachezaji wa vyuo vikuu ni 2,628. Alibakiza 28 kuivunja. Kwenye mchezo ambao mtu anaweza kupata yadi 70 kwa mbio moja, 28 ni kama mpira uliogonga mwamba dakika ya 90.

Kwa msiofuatilia sana mchezo huu wa Wamarekani, tuelewane kidogo. Timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu inaendelea, ikishindwa inaachia mpira. Kazi ya Jeanty inaitwa 'running back', na msidanganywe na hilo neno 'beki', jamaa ni mshambuliaji. Anakabidhiwa mpira mkononi na kwotabeki, kisha anapita nao katikati ya majitu ya kilo 130 yanayotaka kumlaza chini. Kila yadi aliyosogea inaandikwa. Mkimbiaji anayepata wastani wa yadi tano kila anapopewa mpira anahesabiwa mzuri. Jeanty alipata karibu saba.

Na si mtu mkubwa. Ana sentimita 174 hivi na kilo 95. Utotoni aliwahi kuishi Napoli, Italia, kwa sababu baba yake alikuwa jeshi la majini la Marekani. Mji wa Maradona kabisa, na yeye akaondoka anacheza mpira wa kushika mkononi, tena halali.

SANDERS HAJAGUSWA

Tuanze na hii kelele ya yadi 28, kwa sababu imepotosha watu wengi.

Rekodi ni ya Barry Sanders, aliyeiweka mwaka 1988 akiwa Oklahoma State. Alicheza mechi 11. Jeanty alicheza 14. Chukua kalamu: Sanders ana wastani wa yadi 238.9 kwa mechi, Jeanty 185.8. Baada ya mechi yake ya 11, Jeanty alikuwa na yadi 2,062. Maana yake, kwa idadi sawa ya mechi, pengo lilikuwa yadi 566. Hapo huwezi kusema alikosa kidogo.

Kuna kubwa zaidi. Enzi hizo mechi ya mwisho wa msimu, ile inayoitwa 'bowl', haikuingizwa kwenye takwimu. Zilianza kuingizwa mwaka 2002. Sanders kwenye Holiday Bowl dhidi ya Wyoming alikimbia yadi 222, na hazimo kwenye ile 2,628. Ukimrudishia chake, anafika 2,850. Jeanty yeye mechi yake ya bowl, dhidi ya Penn State Desemba 31, imehesabiwa na imemwongezea yadi 104.

Kwenye soka tunalijua hili. Alan Shearer na Andy Cole walifunga mabao 34 wakati Ligi Kuu England ina mechi 42. Erling Haaland akaja kufunga 36 kwenye msimu wa mechi 38, na hakuna aliyehitaji mjadala. Kwa Jeanty mambo yamegeuka, yeye ndiye mwenye mechi nyingi. Kwa hiyo hata angepata zile 28, jina lingebadilika kwenye kitabu na Sanders angebaki pale pale alipo.

Sasa msinielewe vibaya, simshushi. Nasema tu kwamba ukimpima Jeanty kwa kipimo cha Sanders unakosa kuona alichofanya kweli.

MSIMU MMOJA, WACHEZAJI WAWILI

Alichofanya kinaonekana ukiukata msimu wake vipande viwili.

Mechi sita za mwanzo alibeba mpira mara 126 na kupata yadi 1,248. Huo ni wastani wa yadi 9.9 kila anapoguswa na mpira. Noma. Alianza na Georgia Southern, yadi 267 na tachidauni sita. Washington State wakala 259. Hawaii 217. Mechi ya Portland State, ambao ni wa daraja la chini, alipewa mpira mara 11 tu, akapata 127, akapumzishwa.

Mechi nane zilizofuata alibeba mara 248 na kupata yadi 1,353. Wastani ukashuka hadi 5.5.

Wapo waliosema ameshuka kiwango. Mimi nasoma tofauti. Kipande cha kwanza alikuwa anapewa mpira mara 21 kwa mechi. Cha pili, mara 31. Wapinzani walishamjua, wakawa wanajaza watu mbele wakimsubiri yeye tu, na Boise State bado wakaendelea kumpa. Dhidi ya Nevada alibeba mara 34, dhidi ya Oregon State mara 37. Sehemu kubwa ya yadi zake alizipata akiwa ameshaguswa na beki wa kwanza. Hapati uwazi, anautengeneza mwenyewe kwa mabega na mapaja.

Na katika mechi zote 14 hakuna hata moja aliyomaliza chini ya yadi 100. Hii kwangu ni nzito kuliko hiyo 2,601. Penn State, waliomkaba kuliko wote, wakashinda 31-14 na kumpa wastani wa yadi tatu na nusu tu kwa kila mpira, bado walimwachia 104.

Kuna hoja kwamba Boise State walikuwa kwenye ligi ndogo ya Mountain West na dogo amejinenepesha kwa vibonde. Ina ukweli kidogo. Lakini Septemba alikwenda kwa Oregon, timu iliyomaliza msimu wa kawaida bila kupoteza mechi, akakimbia yadi 192 na tachidauni tatu kwa kupewa mpira mara 25. Boise State walifungwa 37-34. Oregon si kibonde.

Hapo ndipo watu walipoanza kumtaja kwenye Heisman, tuzo ambayo kwa vyuo ni kama Ballon d'Or. Mwisho wa siku alishinda Travis Hunter wa Colorado, anayecheza kushambulia na kukaba kwenye mechi hiyo hiyo, kwa pointi 2,231 dhidi ya 2,017 za Jeanty. Pengo la pointi 214. Sina ugomvi na Hunter. Ila tukumbuke kwamba Jeanty angeweza kuhamia chuo kikubwa baada ya msimu wa 2023, alipokuwa na yadi 1,347. Siku hizi wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuingiza pesa na kuhama karibu wanavyotaka, na iliripotiwa kuwa ofa nono zilikuwepo. Alibaki Boise. Chuo kidogo, kamera chache, mzigo wote wake.

WENZAKE WA ORODHA HII

Turudi kwenye mzigo, maana hapo ndipo Raiders wanatakiwa kukuna vichwa.

Wakimbiaji wanne wa juu kwa yadi za msimu mmoja ni Sanders 2,628, Jeanty 2,601, Melvin Gordon wa Wisconsin 2,587 mwaka 2014, na Kevin Smith wa Central Florida 2,567 mwaka 2007. Tofauti ya wa kwanza na wa nne ni yadi 61. Lakini angalia walivyozipata. Sanders alibeba mpira mara 344, Gordon mara 343, Jeanty mara 374, Smith mara 450.

Walipofika NFL, Sanders alikuwa Sanders: misimu 10 na Detroit, hakuna hata mmoja chini ya yadi 1,000, akaondoka na 15,269. Gordon msimu wake wa kwanza na Chargers hakufunga tachidauni hata moja, akaja kusimama baadaye. Smith, yule wa mara 450, alikwenda Detroit, akaumia goti msimu wake wa pili na hakuwahi kuwa yule wa chuoni.

Watu watatu hawatoshi kutengeneza sheria. Lakini kila mara unapobeba mpira, mtu anakugonga. Jeanty, ukijumlisha na pasi 23 alizodaka, aliguswa na mpira mara 397 kwa msimu mmoja akiwa na miaka 20 na 21.

CARROLL NA HESABU ZAKE

Kwa nini basi Raiders walimchukua mapema hivi? Tangu Saquon Barkley alipochaguliwa wa pili mwaka 2018, hadi siku hiyo hakukuwa na mkimbiaji aliyechukuliwa juu kuliko Jeanty. Soko la wakimbiaji lilikuwa limelala, timu zikiamini unaweza kuokota mmoja raundi ya tatu au ya nne na maisha yakaendelea. Kisha Barkley huyo huyo akahamia Philadelphia, akakimbia yadi 2,005 msimu wa 2024, na Februari wakabeba Super Bowl. Kila mtu akataka Barkley wake.

Raiders walimhitaji kuliko wengi. Walishinda mechi nne na kupoteza 13, na kwa kukimbia na mpira walikuwa wa mwisho kati ya timu 32, wastani usiofika yadi 80 kwa mechi. Timu nzima, siyo mtu mmoja.

Hapa ndipo shaka yangu ilipo. Timu inayokimbia vibaya hivyo haina tatizo la mkimbiaji peke yake. Ina tatizo la wale watu watano wa mbele wanaomfungulia njia. Ukimweka Jeanty nyuma ya ukuta huo huo, atarudi kwenye ile hali ya mechi nane za mwisho za Boise: anagongwa kabla hajaanza kukimbia, safari hii na mabeki wa NFL.

Na kocha wakati huo alikuwa Pete Carroll. Mzee anapenda kukimbia na mpira kuliko kitu chochote. Akiwa Seattle alimpa Marshawn Lynch mpira mara 280 au zaidi kila msimu, miaka minne mfululizo, kuanzia 2011 hadi 2014. Ilimpa Super Bowl. Lakini Lynch alikuwa mtu mzima aliyeshazoea ligi, siyo dogo anayetoka kwenye msimu wa mara 374.

NFL ina mechi 17. Carroll angempa Jeanty mpira mara 18 kwa mechi, angevuka 300 kabla ya kufunga mwaka wake wa kwanza. Kwangu mimi, mara 250 zilitosha kabisa, na nyingine wangempa yeyote aliyekuwepo benchi. Ila Raiders wakiwa nyuma Oktoba na mashabiki wanapiga kelele, sikuona Carroll akimwangalia mwingine.