Kalamu ya Kazi Si Pambo la Mfukoni

Mwalimu mmoja kijana alinitembelea hapa Songea, akanikuta ninajaza wino kalamu yangu. Akacheka, akauliza, "Shikamoo mzee, hivi vitu bado vipo?" Nilimwitikia, kisha nikamwomba aniandikie jina la kijiji alichohamishiwa. Akachomoa mfukoni bolpeni tatu. Mbili hazikuandika. Ya tatu iliandika baada ya kuisugua kwenye soli ya kiatu. Sikumcheka, maana alikuwa mgeni wangu, lakini siku ile niliazimia kuyaandika haya.

Nasema wazi kwamba mtu ambaye kazi yake ni kuandika, awe mwalimu, bwana shamba au karani wa ushirika, anahitaji kalamu moja imara ya kujaza wino kuliko fungu la kalamu za kutupa. Nasema vilevile kwamba wengi wanaonunua kalamu ya wino huikosea, kwa kuwa huinunua kama wanunuavyo tai.

Tusiidharau bolpeni. Mfaransa Marcel Bich alipotoa Bic Cristal mwaka 1950, aliwapa maskini wa dunia nzima chombo cha kuandikia. Kabla ya hapo kalamu nzuri ilikuwa mali ya wachache. Wino wake ni mzito wenye asili ya mafuta, kwa hiyo hausambai ovyo ukiguswa na maji. Tena ukitaka kuandika stakabadhi yenye nakala za kaboni, kwa mfano katika mizani ya tumbaku kule Namtumbo, bolpeni ndiyo kalamu yako, kwa sababu hukandamizwa. Kalamu ya wino ukiikandamiza hivyo utaipanua ncha na kuiharibu. Karani wa mizani awe nazo zote mbili.

Nikiri pia kosa langu. Katika masika ya mwaka 1981 paa la ofisi yetu lilivuja usiku kucha juu ya kabati la kumbukumbu. Asubuhi nilikuta kurasa kadhaa za daftari la kuandikisha wanafunzi zimegeuka kuwa mawingu ya buluu. Miaka michache baadaye alikuja kijana niliyemfundisha, akitaka barua ya kuthibitisha mwaka aliozaliwa na mwaka aliomaliza darasa la saba, kwa ajili ya kazi. Nilimkumbuka sura na jina, hata dawati lake. Lakini daftari halikusema kitu, na waliomtaka awe na barua hawakutaka kumbukumbu za kichwani mwangu. Kazi ile aliikosa.

Watetezi wa bolpeni wakisikia kisa hiki hushangilia. Wasishangilie mno. Kalamu haikuwa na hatia. Mimi ndiye niliyeijaza wino wa buluu wa kufulika, ule uliotengenezwa ili utoke kwenye shati la mtoto wa shule, nikauandikia kumbukumbu za maisha ya watu. Upo wino wa kudumu. Waingereza kwa miaka mingi waliandikisha vizazi na vifo kwa wino wenye chumvi ya chuma, ambao huingia ndani ya karatasi na kuzidi kuwa mweusi kadiri siku zinavyopita. Wino huo hula chuma cha ncha ukiachwa ukauke ndani, kwa hiyo humtaka mwenyewe aoshe kalamu mara kwa mara. Tangu mwaka ule sikuandika tena rejista kwa wino wa kufulika, na kila mwalimu aliyeanza kazi chini yangu nilimwonyesha zile kurasa.

Kwa nini basi nisihamie bolpeni moja kwa moja? Kwa sababu nimeishi miaka ya uhaba. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika nchi nzima, sabuni na sukari zikawa za kupangia foleni. Bolpeni ikiisha iliisha, hukuwa na la kufanya ila kuomba. Lakini ofisini kwetu tulikuwa na chupa mbili za wino. Chupa ya mililita 57 hujaza kalamu ya mililita moja zaidi ya mara 50. Walimu wenye kalamu za kujaza walikuja kila Jumatatu asubuhi, wakajaza, wakaenda kufundisha. Wengine walisubiri lori litoke Makambako.

Tulihubiri Elimu ya Kujitegemea tangu mwaka 1967. Shule zikalima mahindi na kufuga kuku, jambo jema. Lakini kujitegemea kuko pia katika vitu vidogo, yaani kuwa na chombo unachoweza kukilisha, kukifungua na kukirekebisha mwenyewe. Leo nyuma ya kila shule pana shimo la taka, na ndani yake mamia ya vijiti vya plastiki visivyooza. Tunamfundisha mtoto kutunza mazingira saa nne, na saa tano tunamwonyesha kwamba kitu kikigoma hutupwa.

Sasa nigeukie wanunuzi wa mapambo. Huyu hununua kalamu nzito yenye rangi ya dhahabu, aliyoivutiwa na kisanduku chake. Ukiifungua, inatumia katriji, vile vifuko vya wino vya kutumia mara moja. Atazipata wapi Tunduru au Mbamba Bay? Zikiisha, kalamu hugeuka kuwa kipini cha shati. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kalamu yangu ya kwanza ilikuwa Hero, kutoka Shanghai, niliyoinunua mwaka 1973. Wakati huo Wachina walikuwa wanajenga reli ya TAZARA, na sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa bidhaa zao kuuzwa madukani kwetu. Haikuwa na urembo. Ncha yake ilifunikwa karibu yote, kwa mtindo ulioletwa na Parker 51 mwaka 1941, hivyo wino haukukauka upesi hata kiangazi chenye vumbi. Ndani ilikuwa na kifuko cha kubonyeza. Ilianguka kutoka kwenye baiskeli mara nyingi kuliko mimi.

Kwa hiyo anayechagua azingatie haya. Kalamu ijazwe kutoka chupani, kwa kifuko au kwa pistoni. Kifuniko kishike sawasawa. Cha kuzungusha ni bora zaidi. Ncha iwe ya chuma kisichoshika kutu, ngumu kiasi. Iwe inafunguka kwa vidole, ili uioshe kwa maji safi ya baridi. Ya moto hupinda plastiki. Mwili usiwe na nakshi zinazokamata tope.

Na mwenye kalamu ajue tabia yake. Ziwa Nyasa liko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kutoka Mbamba Bay kwenda Mbinga unapita mita 1,000. Hewa iliyomo ndani ya kalamu hutanuka kadiri unavyopanda, na kalamu iliyojaa nusu huusukuma wino nje. Nimeharibu mashati mawili kabla ya kulielewa hilo. Ijaze pomoni au uimwage kabisa kabla ya safari, kisha uibebe ncha ikitazama juu.

Wataniambia kwamba haya yote ni kazi. Naam, ni kazi ya dakika tano kwa wiki. Asiyeweza kuzitoa hizo kwa chombo anachoandikia alama za watoto wa wenzake, atazitoa wapi za kutunza rejista yao?

Mzazi anayempeleka mwanawe chuo cha ualimu, kabla ya kumnunulia viatu vya kung'aa, amnunulie kalamu ya namna hii na chupa ya wino mweusi wa kudumu. Dukani aombe kuijaza, aandike nusu ukurasa, aifunge, aitikise juu ya karatasi nyeupe. Ikidondosha, airudishe. Isipodondosha, ailipie, kisha amwambie mwanawe kwamba hatamnunulia nyingine.