Nahau Tunayo, Mazoezi Hatuna: Vijana Wetu na Kiingereza



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu wasomaji, wazazi wetu na wanafunzi wetu wa Kilosa na Mikumi, tunaomba tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunaliona lakini tunalipita. Kila mwaka vijana wetu wanapoingia kidato cha kwanza, safu za madrasa zinaanza kupungua. Ukimuuliza mzazi, jibu ni moja: "Mtoto yuko tuisheni, Kiingereza kinamshinda." Tunawaelewa wazazi hawa. Mtoto amesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili. Anapofika sekondari, anakuta Hisabati na Baiolojia zote kwa Kiingereza. Hesabu anaijua, lakini swali halielewi.

Lugha hii ina kazi katika wilaya yetu pia. Hifadhi ya Mikumi ipo tangu mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa hadi Zambia imepita katikati yake. Wageni wanashuka pale kila siku, wanataka kuongozwa, kulishwa na kulala. Treni ya SGR nayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na Kilosa imo njiani. Kijana anayeweza kumweleza mgeni jambo kwa sentensi iliyonyooka ana riziki mlangoni kwake.

Wapo wazee wetu wanaosema, "Madrasa ni ya Qur'ani na Kiarabu. Kiingereza kina shule zake." Tunaiheshimu kauli hii, kwani inatokana na kuilinda dini. Lakini tukumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi ili aweze kusoma na kuandika barua zao, na imepokewa kuwa alijifunza kwa muda wa nusu mwezi tu. Suratul Rum, aya ya 22, nayo inazitaja tofauti za lugha zetu kuwa ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Hatuombi juzuu ipunguzwe wala Kiarabu kiwekwe kando. Tunaomba nusu saa, mara mbili kwa wiki, kwa vijana wa sekondari. Maoni yetu ni kwamba madrasa ikimsaidia kijana katika kinachomsumbua, atabaki madrasa. Ikimwacha, ataondoka, na tutampoteza yeye na juzuu zake.

Tena madrasa ina mtaji ambao darasa la tuisheni halina. Mwanafunzi wetu ameshajifunza nahau. Anajua isimu, fiili na harufi. Anajua kuwa neno likibadilika kidogo, maana hubadilika. Tutazame mifano.

Kiswahili husema "amekwenda" kwa mume na kwa mke. Kwa hiyo vijana wengi humwita mama yao "he". Lakini msichana aliyekwisha kutofautisha huwa na hiya, akajua dhahaba na dhahabat, ameshaujua mlango huu. Akumbushwe tu kuwa "he" ni huwa, na "she" ni hiya.

Kiswahili hakina alama ya kutenga kitu kinachojulikana na kisichojulikana. Kiarabu kinayo: kitabun na al-kitabu. Hapo ndipo penye "a book" na "the book". Lakini tuwe waangalifu, lugha mbili hazilingani kila mahali. Waarabu husema as-sabru, na Waingereza husema "patience" tupu, bila "the".

Kiarabu husema Ahmadu maridhun bila kitenzi chochote. Kiingereza hakikubali, lazima iwe "Ahmad is sick". Nasi kwa mazoea ya "baba anafanya kazi" huandika "My father he works", kwa kuwa ile "a" ya mwanzo wa kitenzi tumezoea kuitamka hata baba akiwa ameshatajwa. Kiingereza kinatosheka na "My father works". Ile "s" ya mwisho nayo isisahauliwe.

Mfano wa mwisho ni nyakati. Mitaani tunasema "Baba amekuja jana" na hakuna anayeshangaa. Kwa Kiingereza, ukishataja "yesterday" huwezi kusema "has come", sharti useme "came". Kanuni hii huwasumbua hata wanaokwenda vizuri.

Sasa, kujua kanuni ni jambo moja na kuizoea ni jambo jingine. Vitabu vizuri vipo. Kitabu cha Raymond Murphy, English Grammar in Use, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1985, kinaeleza kanuni upande wa kushoto na kuweka mazoezi upande wa kulia, na kimeandikwa kwa ajili ya waliovuka hatua ya mwanzo. Lakini anayejaza nafasi zilizoachwa wazi tu ni kama aliyehifadhi hukumu za tajwidi na hafungui msahafu. Tunashauri mambo matatu.

Kwanza, kila siku mwanafunzi aandike sentensi tano zake mwenyewe kwa kanuni moja tu. Aandike kuhusu shamba la nyumbani, soko, mpira au mdogo wake. Sentensi ya maisha yake haisahauliki upesi.

Pili, wasomeane wawili wawili, kama tunavyosikilizana hifdhi. Kila mmoja awe na daftari la makosa, na kila Alhamisi wafanye murajaa. Kosa lililoandikwa na kurudiwa hupungua.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kicheko kikomeshwe. Vijana wengi wananyamaza kwa kuogopa kuchekwa, na anayenyamaza hajifunzi kusema. Imamu wa nahau, Sibawayhi, alikuwa Mwajemi, na Kiarabu hakikuwa lugha ya wazazi wake. Inasimuliwa kuwa alipokuwa akisoma hadithi mbele ya mwalimu wake Hammad bin Salama, alikosea irabu ya neno moja akasahihishwa. Akaazimia kutafuta elimu ambayo hatakosolewa tena ndani yake. Leo wanazuoni wa Kiarabu wanasoma kitabu chake. Lau angetoka pale na asirudi, tungekosa kiasi gani?

Wazazi, nanyi mna sehemu yenu, hata kama Kiingereza hamkijui. Jioni mwambie mtoto akusomee sentensi zake tano kwa sauti, kisha zitafsiri kwa Kiswahili. Akishindwa kuzitafsiri, amenakili kwa mwenzake. Tia saini kwenye daftari. Kazi hiyo haina ada. Kabla ya kulipia tuisheni, liangalie daftari hilo kwanza.

Mwisho, tusikifanye Kiingereza kuwa kipimo cha akili wala cha utu. Mtoto asiyekijua si mjinga, na anayekijua asimdharau bibi yake anayesema Kiswahili au Kisagara. Lugha ni chombo. Tukitie mikononi mwa vijana wetu wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka yetu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, na awape walimu na wazazi subira. Amin.

Wabillahi tawfiq.