Pichi za Kopo Uroa, Huku Embe Zinaozea Chini ya Mwembe?

Kuna mdada mmoja wa mjini, jina linahifadhiwa, ambaye ukifungua simu asubuhi humkosi. Akila anaposti, akilala anaposti, akisuka nywele anaposti. Msimu wa embe uliopita alivuka bahari kutoka Dar na mashoga zake, wakateremkia Uroa, pwani ya mashariki ya Unguja, kusherehekea bethdei yake.

Picha zilizotoka huko zilikuwa moto. Bahari ya kijani, gauni jeupe, na mbele yake keki ya kupindua, ile ambayo matunda yanapangwa chini ya chombo, rojo la unga linamiminwa juu, ikiiva inageuzwa na matunda yanakaa kileleni yaking'aa kwa sukari iliyoungua. Matunda yenyewe yalikuwa pichi za kopo, nusu nusu, zimepangwa kama ua. Watu wakamwaga makopakopa mpaka basi.

Ambacho hakikuonekana kwenye picha ni keki nyengine tatu. Hizo zilikuwa kijijini humohumo, ndani ya nyumba moja si mbali na hoteli, zimefunikwa kawa, zinamsubiri mtu ambaye hakuja.

Aliyezichoma ni bi mkubwa mmoja, mkulima wa mwani. Bamvu likiingia, yeye na wenzake wako baharini na kamba zao na vijiti vyao. Maji mafu yakifika na shamba halifikiki, hurudi jikoni akachoma mikate ya kumimina na keki, akauza kipande kipande. Keki yake ya embe inajulikana pale. Siku nne kabla ya sherehe, kijana wa msafara ule, yule mpanga mipango, alipita akaonja, akafumba macho.

"Shikamoo mama. Aisee, hii ndiyo yenyewe! Tuwekee tatu za Jumamosi."

"Marahaba mwanangu. Na kianzio je? Maana mayai yamepanda."

"Mama nawe! Si unatujua? Tuko kila siku kwenye simu za wanao."

Bi mkubwa akacheka, akasema haya, wageni ni wageni. Akachukua treya la mayai dukani kwa mkopo. Jumamosi, adhana ya adhuhuri inakaribia, ikaingia meseji ya sauti: "Mama samahani sana, dada kabadilisha. Anataka ya pichi, embe haitoki vizuri kwenye picha." Basi. Pole nyengine haikuja, wala senti tano.

Wapo watakaosema keki ni ya mlaji, na mwenye bethdei ana haki ya kuchagua. Kweli kabisa. Hakuna anayelazimishwa kula embe. Mtu akitaka pichi ale pichi, akitaka kokwa la zambarau shauri yake. Lakini kubadilisha mawazo ni kitu kimoja, na kumbadilishia mtu wakati keki zimeshaiva ni kitu chengine. Hiyo ya pili ina jina lake la Kiswahili: dhuluma. Tena dhuluma ya rejareja, ambayo mtendaji anaisahau kabla hajamaliza kupaka wanja.

Tuje kwenye hiyo hoja ya picha. Eti embe haitoki vizuri! Embe boribo iliyoiva, ikatwe vipande vyembamba, ipangwe duara, halafu iungue na sukari na siagi, inatoka na rangi ya dhahabu ambayo pichi ya kopo haiifikii. Kopo lina rangi moja tu, mwanzo hadi mwisho. Tatizo halikuwa rangi. Tatizo ni kwamba dada aliona keki ya pichi kwenye ukurasa wa watu wa Ulaya, akaona hiyo ndiyo ya kisasa, na ya embe ni ya kishamba.

Angejua historia ya hiyo keki angecheka mwenyewe. Kilichoipa jina kubwa Marekani ni nanasi. James Dole alianzisha kampuni yake ya mananasi Hawaii mwaka 1901, akawa na makopo kibao ya kuuza. Mwaka 1925 kampuni ikaitisha shindano la mapishi ya nanasi, na inasimuliwa kuwa kati ya mapishi yaliyomiminika, 2,500 yalikuwa ya keki ya kupindua. Dole hakusema nanasi haitoki vizuri kwenye picha. Alichukua alichokuwa nacho shambani, akakifanya dunia nzima ikitamani. Sasa leo mtu anakaa Uroa, kisiwa kimejaa nanasi, embe, ndizi, mafenesi na shokishoki, anafungua kopo la kutoka ng'ambo ili afanane na wenzake! Hata kama ni pichi tu alizotaka, Lushoto kule Tanga zinalimwa. Kopo la nini?

Na ufundi wa keki hii si mgeni pwani. Wamarekani wa zamani waliipika kwenye kikaango kizito cha chuma, juu ya moto, kabla oveni hazijaenea. Mzanzibari anayechoma mkate wa kumimina anafanya jambo la aina hiyohiyo: sufuria kwenye jiko la makaa, bati juu, makaa mengine juu ya bati. Moto juu, moto chini. Siri ni kwamba wa chini uwe mdogo na wa juu uwe mwingi, la sivyo sukari inakuwa mkaa kabla unga haujaiva.

Bi mkubwa wa Uroa anafanya hivi. Anayeyusha vijiko vinne vya siagi na nusu kikombe cha sukari ndani ya sufuria mpaka iwe rangi ya asali, anaiepua. Embe anaikata mapema na kuiacha kwenye chujio itoe maji, maana embe yenye maji mengi inaigeuza keki kuwa uji. Anaipanga. Halafu anamimina rojo lake: mayai matatu yaliyopigwa na sukari hadi yaumuke, unga kikombe na nusu, hamira ya keki kijiko kidogo kimoja na nusu, siagi kidogo, na hiliki ya kutwanga. Hiliki hiyo ndiyo inayomfanya mtu afumbe macho. Ikiiva anaisubiri kama dakika kumi, si zaidi. Ukiigeuza ya moto sana inavunjika. Ukiichelewesha, sukari inaganda na matunda yanabaki kwenye sufuria. Anafunika sahani juu, anasema bismillahi, anapindua.

Nanasi ni hivyohivyo, ila likamuliwe kidogo. Ndizi zinataka mbivu zenye madoa, na zisikatwe nyembamba sana, zinayeyuka. Pichi nazo, kwa anayezitaka, zikaushwe kwa kitambaa kwanza. Hakuna tunda lenye kosa hapa.

Haki itendeke pande zote, bi mkubwa naye ana lake. Biashara bila kianzio ni sadaka. Mteja akiwa mgeni, tena wa siku moja, nusu ya pesa itangulie, hata awe na wafuasi milioni. Wafuasi hawalipi deni la mayai. Na akina mama wengi wa pwani ile wana aibu ya kudai, wanaona kumwambia mgeni "lipa kwanza" ni utovu wa adabu. Adabu ni nzuri, lakini muuza duka naye ana watoto.

Na hili la pesa si dogo kama linavyoonekana mjini. Kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki mwaka 1989, na kiliwatoa wanawake wengi mikono mitupu. Lakini bahari imepata joto, mwani wa aina ya bei nzuri unakufa, unaobaki ni wa bei ya chini. Ndiyo maana jiko la keki kwa mama kama huyu si la kupitishia muda. Maji mafu yakiingia ndilo shamba lenyewe. Anayemghairisha keki tatu amemghairisha wiki nzima.

Kwani zilikwenda wapi hizo tatu? Mbili zilikatwa vipande, zikauzwa nusu bei watoto walipotoka chuoni. Watoto walifurahi, midomo yote njano. Ya tatu aliipeleka kwa yule muuza duka kupunguza deni la mayai. Deni lililobaki alilimaliza kwa mwani wa bamvu lililofuata.

Dada huyo si mtu mbaya. Pengine hata hajui kama keki zile zilichomwa, labda kijana wake alimficha. Lakini mkubwa wa msafara ndiye mwenye msafara, na anayepokea sifa za sherehe apokee na madeni yake. Bei ya keki tatu za Uroa haifiki bei ya kope alizobandika siku ile. Atume hiyo hela, na msimu wa embe ujao arudi, akae mkekani, apige picha na sufuria la makaa kando yake. Picha hiyo itatembea kuliko ile ya pichi, na safari hii itamuuzia mtu.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nani wa kulaumiwa hapa: dada, kijana wake, au mama aliyechoma bila kianzio?